Mtazame Wakati Si Zamu Yake

Mwigizaji mzuri hajulikani anapolia. Machozi ni kazi ya dakika mbili. Msichana wa kidato cha pili hufundishwa kuyatoa kabla ya kengele ya chakula, na ukumbi mzima wa wazazi ukajipangusa macho pamoja naye. Ukitaka kujua kama kipaji cha mtu kimeiva, mwache anayelia alie, wewe mkodolee macho anayeambiwa. Anatazama wapi? Maneno yanamfikia sasa hivi, au aliyazoea tangu mazoezini na anangoja tu zamu yake? Shingo imekakamaa? Na ule mkono wa kushoto unafanya nini huko chini, mahali anapodhani hakuna anayeangalia?

Huo ndio mwongozo wote, na ningeweza kukomea hapo. Lakini nawajua watu wa Kericho na Bomet. Hawakubali neno mpaka wapewe sababu, na wakishapewa sababu huuliza bonasi ya chai ni ngapi.

Sisi si wageni wa maigizo. Kila mwanzo wa mwaka shule zetu hupanda ngazi za tamasha la drama, kutoka kanda hadi kaunti, kutoka kaunti hadi Bonde la Ufa, na zenye bahati zikafika kwenye tamasha la kitaifa, lililoanza 1959. Wazazi hukaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, wakitazama mchezo wa sita ukifuata wa tano, na jioni wanakubaliana nani alistahili na nani alibebwa. Enzi za runinga moja kwa ukumbi mzima katika makazi ya mashamba makubwa, Vitimbi ya KBC iliwatoa watu jikoni na sufuria mekoni. Macho tunayo. Kinachopungua ni kuyaamini, maana tumezoeshwa kwamba kuhukumu sanaa ni kazi ya watu wa Nairobi, walioko karibu na Jumba la Kitaifa la Maigizo lililofunguliwa 1952.

Aliyewahi kuingia chumba cha kuonjea katika kiwanda cha chai anaijua njia tayari. Vikombe vyeupe vimepangwa mstari, kila kimoja na majani yaliyopimwa, maji yaliyochemka na dakika sita kwenye saa. Mwonjaji anavuta kijiko kimoja kwa kishindo, chai inamzunguka mdomoni, anaitema, anasogea. Hamalizi kikombe. Kwa kijiko hicho anajua kama majani yaliungua njiani au yalichunwa yamezeeka. Nawe usingoje mwisho wa mchezo. Chukua dakika tano za katikati, pale hadithi imelegea, hakuna anayekufa wala anayeolewa, na mwigizaji anaandaa meza tu. Mwishoni kila mtu amejikaza. Katikati ndipo mtu anapoonekana alivyo.

Nitawatumia hasa wanawake wawili, kwa sababu kazi zao zinapatikana kwa urahisi na kwa sababu wamefanya jukwaa na kamera pia. Maggie Smith, Mwingereza, alizaliwa 1934 akafariki Septemba 2024 akiwa na miaka 89. Vijana wanamjua kama Profesa McGonagall wa filamu za Harry Potter, wakubwa kama yule bibi mwenye ulimi wa wembe katika Downton Abbey. Lupita Nyong'o hahitaji kutambulishwa, ila wengi wanasahau kwamba alianza jukwaani hapa nyumbani, akiigiza Juliet na kundi la Phoenix Players la Nairobi akiwa na miaka 14.

Kuna uzi unaowaunganisha. Smith alianza kazi mwaka 1952, katika Oxford Playhouse, akiigiza Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare. Mwaka 2025 Lupita aliigiza Viola huyo huyo katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, New York, chini ya mwelekezi Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Kati ya Viola mmoja na mwingine ni miaka 73.

Na Viola ni mtihani mzuri wa jambo ninalolisema. Msichana ameokoka meli iliyozama, anadhani pacha wake amekufa maji, anavaa mavazi ya kiume na kuajiriwa na mtawala. Anampenda mwajiri wake. Mwajiri hana habari. Kutwa anamsimulia jinsi anavyompenda mwanamke mwingine, kisha anamtuma apeleke salamu za mapenzi. Hesabu ni muda gani Viola anasimama pale akisikiliza yasiyosikilizika huku uso wake ukitakiwa ubaki wa kijana mtumishi. Mwigizaji asiyejua kusikiliza hana pa kujificha katika nafasi hiyo, hata awe na sauti ya malaika. Pacha katika mchezo ule wa New York aliigizwa na Junior Nyong'o, ndugu wa Lupita wa damu, na wawili hao walizungumza Kiswahili jukwaani mbele ya hadhira ambayo sehemu kubwa haikuelewa neno. Huo ni ujasiri wa mtu anayejua kwamba uso na bega vitafika kabla ya maneno.

Sasa tuje kwenye mikono, na hapa sitaharakisha, kwa sababu katika jambo hili mtazamaji wa Bomet ni mkali kuliko mkosoaji yeyote wa London.

Michezo kuhusu wachuna majani huletwa jukwaani karibu kila msimu. Mtoto anatoka na kikapu mgongoni, anasimama mbele ya tawi lililochomekwa ndooni, anachuna jani moja kwa mkono mmoja, analitazama, anaimba, analitupa kikapuni kama mtu anayechagua maua ya harusi. Kina mama waliokaa nyuma wanaguna. Hawajasoma nadharia ya maigizo, lakini wameshajua kwamba huyu hajawahi kulowa umande. Mchunaji wa kweli hutumia mikono yote miwili, na mikono hiyo haisubiriani. Kidole gumba na cha shahada vinakata majani mawili na chipukizi kwa kuvunja, si kwa kucha. Konde likijaa, mkono unapita juu ya bega bila kichwa kugeuka, na majani yanaangukia kikapuni yenyewe. Mchunaji hakazi konde kwa nguvu, kwa sababu majani yakibanwa yanapata joto na kuwa mekundu, na karani kituoni atayakataa. Macho hayako kwenye mkono, yako kwenye kichaka kinachofuata. Na mdomo? Mdomo unaongea mambo mengine kabisa: karo, mkwe, ng'ombe aliyekataa maziwa.

Hilo la mwisho ndilo ninalomwomba kila mwalimu wa drama alifundishe. Mtu anayejua kazi haitazami kazi yake. Mwigizaji anayetazama mikono yake ameshakuambia kwamba aliifunzwa juma lililopita.

Sasa fungua 12 Years a Slave, filamu ya 2013 ya mwelekezi Mwingereza Steve McQueen, iliyompa Lupita tuzo ya Oscar Machi 2014. Anaigiza Patsey, mtumwa anayechuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, yaani kilo 227 hivi, kuwashinda wanaume wote shambani. Watu humkumbuka kwa sehemu za mateso, na ni haki. Mimi namrudia katika mambo mawili madogo. La kwanza ni pale anapokaa nyasini akisuka vidoli kwa maganda ya mahindi. Vidole vinasuka vyenyewe. Yeye yuko mbali kabisa. La pili ni Jumapili anapokaa kunywa chai kwa Bi Shaw, mwanamke Mweusi aliyetoka utumwani kwa kuolewa na mwenye shamba. Bi Shaw ndiye anayezungumza, tena anazungumza sana. Patsey yuko kitini na kikombe chake. Tazama anavyokaa. Anakaa kama mtu aliyeruhusiwa kukaa, si kama mtu aliyezoea kiti. Hapo hakuna kilio wala kiboko, na ndipo ningetoa tuzo kama ningeulizwa.

(Kwa kupitisha tu: mwigizaji anayetaka kujifunza kuchuna kwa mkono asichelewe. Mashine zimeingia mashambani, zimegombaniwa, na Mei 2023 nyingine zilichomwa moto hapa Kericho. Mwenye mikono ninayoieleza leo anatafutwa kwa vijana na hapatikani kwa urahisi.)

Baada ya mikono, sauti. Hapa mvua yetu inafanya kazi bora kuliko waamuzi wote. Ukumbi wa shule una paa la mabati. Mchezo wa alasiri unaanza vizuri, kisha saa tisa, kama kawaida ya Kericho, wingu linafunguka, na siku mbaya linaleta mawe. Mwigizaji wa kwanza anapiga kelele, mishipa ya shingo inamtoka, haeleweki. Wa pili anaendelea kwa sauti ile ile ya mwanzo, anachezea mbingu, hadhira inasinzia. Wa tatu ndiye ninayemfuata mpaka nje kumuuliza jina. Huyo anafupisha. Anashusha kasi, anakaza konsonanti, anamsogelea mwenzake mpaka maneno yaonekane mdomoni hata yasiposikika, na pale mvua inapopumua sekunde tatu, anaingiza lile neno moja ambalo hadithi haiwezi kwenda bila hilo. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Au pengine ni gogo wake. Bibi anayesimulia habari za chemosi usiku, moto umebaki makaa na watoto saba kwenye ngozi moja, hapazi sauti zimwi linapokaribia. Anaishusha, mpaka watoto wenyewe wanasogea.

Mwaka 2024 uliwapa watazamaji jaribio ambalo hata maabara isingelipanga hivyo. Lupita alitoa filamu mbili. Katika A Quiet Place: Day One anaigiza Samira, mgonjwa wa saratani katika jiji lililovamiwa na viumbe wanaosikia kila kitu, kwa hiyo atakayetoa sauti atauawa. Sehemu kubwa ya filamu hana maneno. Katika The Wild Robot hana mwili: ni katuni, naye ni sauti tu ya roboti aliyeangukia kisiwa cha wanyama. Zitazame zikifuatana. Katika ya kwanza, angalia pumzi. Hofu ya mwigizaji wa kawaida iko machoni, anayatoa tu. Ya Samira iko kifuani, katika kuizuia pumzi na kuiachilia kidogo kidogo. Katika ya pili, funga macho. Roboti anaanza na uchangamfu wa muuzaji wa duka kubwa, ule wa kupendeza usiomaanisha kitu, na kadiri anavyolea kifaranga cha bata bukini uchangamfu unapungua na kitu kingine kinaingia, bila wewe kuweza kuonyesha ni sentensi gani kilipoingia. Mtu anayeweza yote mawili katika mwaka mmoja ana ufundi wa kutosha kufanya asionekane anafanya.

Lafudhi nayo ni sehemu ya sauti, lakini ndipo udanganyifu mwingi unapopita. Watu wa huku wana haki ya kusema, kwa sababu tumechekwa sana. Mkalenjin wa vichekesho alikuwa na jina lake kwenye KBC, Masanduku arap Simiti, na tulimcheka pamoja na wengine. Baada yake likaja kundi la waigaji ambao ujuzi wao wote ni kugeuza kila b kuwa p na kila g kuwa k. Hiyo ni herufi tu. Mkipsigis anapozungumza Kiswahili, kinachomtambulisha zaidi ni irabu anazozikalia na lile tuo refu kabla ya jambo zito, tuo ambalo mtu wa Nairobi hudhani ni kusahau. Mwigaji anaiga konsonanti. Mwigizaji anaiga tuo. Nimetumia kipimo hicho hata kwa Lupita katika Queen of Katwe ya 2016, anapoigiza Nakku Harriet, mama wa Kiganda anayewalea watoto mtaani Kampala. Alikuwa Mjaluo wa miaka thelathini na ushee akimwigiza mama wa msichana aliyebalehe. Angeweza kujifunika kwa lafudhi, ambayo ameipata vizuri. Kinachonishawishi mimi ni jinsi anavyonyamaza akiudhika, kwa kidevu kilichoinuka, kama mtu anayejua kwamba majirani wanasikiliza kupitia ukuta wa mbao.

Na kuna jambo la Othello ambalo linafaa kusemwa waziwazi. Mwaka 1964 Maggie Smith alikuwa Desdemona katika kundi la National Theatre, London, na filamu yake ikatoka 1965. Othello alikuwa Laurence Olivier, aliyehesabiwa mfalme wa jukwaa la Uingereza, amepakwa rangi nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akitembea na kuzungusha macho kwa namna aliyoamini ndiyo ya Mwafrika. Alisifiwa sana. Leo ukiitazama unaona mtu anayejitazama. Desdemona naye, kijana yule ambaye kazi yake kubwa ni kutoamini anachosikia kutoka kwa mumewe, bado yuko hai kwenye filamu ile. Alipendekezwa kwa Oscar kwa nafasi hiyo, na tukiwapima hao wawili kwa kipimo cha kusikiliza, mke alimshinda mume.

Katika mwili sitakaa sana, kwa sababu filamu moja inatosha. Us, ya Jordan Peele, 2019. Lupita ni Adelaide, mama aliyeenda likizo na familia, na pia ni Red, kivuli chake kinachovamia nyumba. Kuna sehemu sebuleni ambapo Red, kwa sauti iliyokwaruzika kama mtu aliyekaa miaka bila kusema, anasimulia maisha yake kwa njia ya hadithi ya watoto, na Adelaide amekaa mbele yake anasikiliza. Mwigizaji yule yule, aliyepigwa picha nyakati tofauti, anajisikiliza mwenyewe. Watazamaji wengi hubaki na sauti ya Red, inayotisha kweli. Rudia sehemu hiyo ukimtazama Adelaide tu. Kama hujaijua siri ya filamu hutaona kitu. Ukishaijua, utaona kwamba alikuwa akiambiwa jambo analolijua.

Tofauti ya jukwaa na kamera huelezwa sana kuliko inavyostahili. Husemwa jukwaani unapaza, mbele ya kamera unapunguza. Ni kweli nusu. Mtazame Smith katika Harry Potter and the Order of the Phoenix, pale McGonagall anapokabiliana ngazini na Umbridge, mtu wa serikali aliyeletwa shuleni. Ni jukwaa lililopigwa picha. Kila mmoja anapanda daraja amzidi mwenzake urefu, kama majogoo, na Umbridge anapotamka kwamba kumpinga yeye ni kuipinga serikali, McGonagall anashuka. Daraja moja tu. Mwanamke mwenye nguvu kuliko wote shuleni anakuwa mfupi mbele ya wanafunzi wake, na Smith halipambi hilo kwa kitu chochote. Mguu uliofundishwa kwenye jukwaa mwaka 1952 unafanya kazi mbele ya kamera miaka 55 baadaye. Au mchukue yule bibi wa Downton Abbey. Mitandao imejaa vijembe vyake, lakini kijembe peke yake ni maneno ya mwandishi. Kinachokifanya kichome ni nusu sekunde kabla yake, ambapo bibi amelisikia jambo la kipumbavu, amelipima, na amempa aliyelisema nafasi ya kulifuta.

Miaka mingi inakuja na ugonjwa wake, nao ni mazoea. Hapa ndipo hukumu inakuwa ngumu, kwa sababu mazoea na mtindo hufanana wakiwa mbali. Mary Khavere alikuwa Mama Kayai wa Vitimbi kwa miaka na mikaka, sambamba na Benson Wanjau, Mzee Ojwang', aliyefariki Julai 2015. Wakenya wengi waliapa kwamba wawili hao ni mume na mke hata nje ya runinga. Hawakuwa. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo mpaka Wajaluo wakamkubali. Sasa, mwigizaji anayerudi kila wiki na sauti ile ile, mkono kiunoni ule ule na hasira ile ile, tumpe alama gani? Wasomi humpa chache. Mimi namtetea Mama Kayai, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo: ukitazama vipindi vile, kicheko huanza usoni mwake. Ojwang' anatunga uongo, naye anauacha ujengeke tofali kwa tofali, anaufuata kwa macho, anakaribia kuuamini, ndipo anaubomoa. Alikuwa anausikia upya kila wiki. Siku atakayeshika nafasi kama hiyo akiguna kabla mwenzake hajamaliza sentensi, hapo tutasema mazoea yamemla.

Smith mwenyewe yalimnyemelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa nyota kamili: Oscar ya kwanza ameshaipata kwa The Prime of Miss Jean Brodie ya 1969, akiwa mwalimu anayewalisha wanafunzi wake sumu kwa kijiko cha asali. (Mwalimu yeyote wa huku anapaswa kuitazama filamu hiyo, na aitazame peke yake.) Lakini wakosoaji wa London wakaanza kulalamika kwamba anarudia mikogo: vifundo vya mikono vinavyopepea, sauti inayopita puani, jicho linaloipa hadhira siri. Mwaka 1976 akaondoka. Akaenda Stratford, mji mdogo katika jimbo la Ontario, Kanada, na kwa misimu kadhaa hadi 1980 akaigiza huko Cleopatra, Rosalind na Lady Macbeth, mbali na magazeti ya kwao. Nikiombwa kuonyesha mahali ambapo mwigizaji mzuri aligeuka kuwa mwigizaji wa kudumu, nitaonyesha hapo. Katikati ya safari hiyo akatoa California Suite ya 1978, akiigiza mwigizaji anayekwenda kwenye sherehe za Oscar na kurudi mikono mitupu, na kwa nafasi hiyo akapewa Oscar ya pili. Mikogo bado ipo. Sasa ni ya yule mwanamke anayeigizwa, anajificha nyuma yake, na inaanguka mmoja mmoja kadiri usiku unavyokwenda.

Mikogo hiyo hiyo utaikuta imepungua zaidi katika A Room with a View ya 1985, na mwaka 2019, akiwa na miaka 84, alikubali A German Life katika Bridge Theatre, London: mtu mmoja, kiti, na zaidi ya saa moja na nusu ya maneno ya Brunhilde Pomsel, aliyekuwa katibu muhtasi katika ofisi ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi. Hakuna mwenzake wa kumsikiliza. Hapo mwigizaji hana budi kuisikiliza kumbukumbu yenyewe, anaikamata, inamponyoka, anaikana, na kazi ya mtazamaji ni kuamua ni wapi bibi huyu amesahau kweli na wapi amechagua kusahau. Ukimpata mwigizaji anayekuachia kazi hiyo badala ya kukufanyia, mlipie tiketi kila atakapotokea.

Ukianza mazoezi haya nyumbani, usimrukie Smith wa Downton kwanza, utachekeshwa tu ukasahau kutazama. Anza na Jean Brodie, halafu California Suite, halafu A Room with a View, ndipo uje kwa wachawi na mabibi. Kwa Lupita, anza na dakika za Jumapili kwa Bi Shaw, kisha sebule ya Us, kisha zile mbili za 2024. Kila mara zima sauti kwa dakika mbili. Ukiwa bado unafahamu nani anamwogopa nani, endelea.

Lupita alimwigiza Viola akiwa na miaka 42. Smith alifika umri huo akiwa Kanada, na Downton, McGonagall na kile kiti cha 2019 vilikuwa bado mbele yake. Kwa hiyo sitaki kumpa Lupita alama ya mwisho, ila nina madai mawili. Nangoja tumwone katika mwanamke mgumu asiye na kisingizio, maana mpaka sasa hata Red ana sababu zake. Na nangoja kichekesho kitupu, cha milango kufungwa na watu kugongana, ambacho Little Monsters ya 2019 ilikionja tu. Smith alikuwa ameshapita Hedda Gabler mwaka 1970 na Private Lives mwaka 1972 kabla hajapanda ndege ya kwenda Kanada.